Mguu wa bibi na makaratasi ya Uingereza

Daktari aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe, kama mwandishi wa habari za afya, huwashauri wasomaji wajiandae nalo kabla hawajaingia chumba cha daktari. "Katika ukoo wenu kuna mwingine aliyewahi kupata tatizo kama hili?"

Dada yangu alikuwa kitandani, siku ya 12 tangu ajifungue. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, unang'aa kama ngozi ya ngoma. Kipimo cha ultrasound kilikuwa kimeonyesha bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa paja. Siku mbili kabla ya hapo, kwenye kituo cha kwanza alikokwenda, aliambiwa ni uvimbe wa kawaida wa mzazi, alale na mguu auweke juu ya mto. Niache hadithi kidogo hapa, maana kazi ni kazi: uvimbe wa kawaida wa mzazi huwa wa miguu yote miwili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hata kama zimepita wiki kadhaa tangu kujifungua, usingoje kesho. Ikiongezeka kubanwa pumzi au maumivu ya kifua, usingoje hata chai ichemke.

Mama alimjibu daktari bila kufikiri. "Hakuna, daktari."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kanga begani, kichanga mapajani. Tulidhani amesinzia.

"Yupo," akasema. "Ni mimi."

Mama hakuwa amedanganya. Kwake yeye, mguu wa bibi haukuwa ugonjwa. Ulikuwa kesi. Mwaka 1972, siku ya tisa baada ya bibi kumzaa mama huko Handeni, mguu wake wa kushoto ulivimba vile vile. Aliyekuwa akimhudumia kwenye arobaini ni wifi yake, dada wa babu, ambaye ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Akaitwa mganga. Mganga akasema mzazi amekanyaga kitu, na kilizikwa mlangoni na mtu anayeingia na kutoka bila kubisha hodi. Watu wa nyumba ile walihesabu nani anaingia na kutoka bila kubisha hodi, jibu likawa mtu mmoja. Wifi alifukuzwa na ndoo yake ya maji mkononi. Babu alikwama katikati ya mke na dada. Baada ya miaka miwili akahamisha familia kwenda Korogwe, na mpaka anafariki hakuwahi kuwakutanisha wanawake wale wawili.

Najua Handeni inavyotaniwa kwa mambo ya uchawi. Ukisema tu unatoka huko, mwenzako anasogeza kiti. Bibi mwenyewe hutania hivyo. Lakini kwa miaka zaidi ya 50 mguu wake umebaki mzito kuliko mwenzake, na jina la yule wifi halitajwi sebuleni kwake Manundu. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba kuna Bibi wa Korogwe, ambaye ni wetu, na Bibi wa Handeni, ambaye hatumsalimii.

Daktari alimtazama bibi kwa makini. Kisha akauliza swali la pili, kwa adabu, maana bibi ana ngozi ya rangi ya chai ya maziwa na macho ya kijivu yasiyofichika. "Bibi, samahani. Baba yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Mzungu," bibi akasema. "Mengine sijui, mwanangu."

Daktari alitueleza jambo ambalo nililijua kwa kulisoma, sikuwahi kulifikiria ndani ya nyumba yetu. Kuna hitilafu ya kurithi inayofanya damu igande kwa urahisi, iitwayo Factor V Leiden, kwa jina la mji wa Uholanzi ambako watafiti waliieleza mwaka 1994. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya hupatikana kwa takriban mtu mmoja katika 20. Kwa Waafrika ni nadra sana. Anayeirithi kwa mzazi mmoja anaweza kuishi hadi uzeeni bila kujua anayo, hasa akiwa mwanamume. Kwa mwanamke, mara nyingi bonge la kwanza hutokea akiwa mjamzito, baada ya kujifungua, au akitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mzazi mwenye nayo humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu. Kama bibi anayo, mama ana nusu, mimi na dada robo. "Simaanishi kwamba ndiyo hiyo," daktari akasema. "Damu huganda kwa sababu nyingi. Ila mkiweza kujua historia ya upande ule, itanisaidia."

Upande ule. Nimeandika makala sijui ngapi zenye kichwa "Ijue historia ya afya ya ukoo wako", na upande mmoja wa ukoo wangu ulikuwa ukuta mtupu.

Bibi alizaliwa mwaka 1952 kwenye shamba la mkonge kati ya Korogwe na Mombo. Wasomaji wa Tanga hawahitaji kuelezwa mkonge. Kwa wengine niseme tu kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika ikiwa hai Pangani ikiwa 62, na ile 62 ikazaa mashamba yanayoonekana mpaka leo ukiwa ndani ya basi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya mkonge ilipanda, wakaletwa manamba kutoka kila kona ya Tanganyika, na wakaja Waingereza vijana waliotoka vitani, wanaojua mashine. Mmoja wao alikuwa fundi wa korona. Vijana wasiruke: korona ni mitambo ya kuchakata mkonge, na imeitwa hivyo mashambani kwetu miaka mingi kabla ya ule ugonjwa.

Mama yake bibi alikuwa msichana wa Kizigua aliyefanya kazi nyumbani kwa fundi huyo, kufua na kupiga pasi. Alikuwa na umri wa miaka 17 au 18. Sitaandika neno mapenzi, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulitumia. Sitaandika na neno jingine, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema mpaka anaingia kaburini. Mtoto alipokuwa hajatimiza mwaka, fundi alirudi kwao. Alichoacha ni karatasi moja.

Karatasi hiyo bibi anaitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki ya mama. Ni barua ya sifa za kazi, ya Machi 1953, yenye mistari sita. Inasema mchukuaji wa barua hii ni msafi, mwaminifu, hajawahi kuiba, anaacha kazi kwa sababu mwajiri wake anasafiri, na anapendekezwa kwa yeyote atakayehitaji mfuaji. Chini kuna sahihi: herufi mbili za mwanzo na jina la ukoo. Mtoto hakutajwa.

Nilikuwa na jina, basi. Tatizo ni kwamba jina lile la ukoo huko Uingereza ni kama Juma lilivyo kwetu.

Nilianza peke yangu, usiku baada ya kazi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma chuo kikuu. Uingereza wana mfumo wa kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tangu Julai 1837, na orodha zake watu wa kujitolea wamekuwa wakizinakili tangu mwaka 1998 katika mradi uitwao FreeBMD, ambao yeyote anautazama bure. Katika muda wa wiki moja nilikuwa nimempata mtu wangu. Mwenye jina lile, mwenye umri unaofaa, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, nyumba kubwa, farasi. Nilimwonyesha mama picha ya nyumba. Kwa siku saba tulikuwa watu wa kiwanda cha bia, mpaka mjomba wangu mmoja, ambaye hata ndoa zake hupiga hesabu, akaanza kuuliza mambo ya mirathi.

Hapo ndipo nikaomba msaada. Karibu kila jimbo la Uingereza lina chama cha wananchi wanaofuatilia nasaba, wengi wao wastaafu, ambao kama wanavyopenda wengine mpira au bustani, wao wanapenda marehemu. Niliandika barua pepe kwa vyama vinne nikieleza shida yangu: dada mgonjwa, bibi mzee, barua moja. Kutoka Lincolnshire akajibu mama mmoja wa miaka 74. Alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 30. Sitamtaja jina, ameomba hivyo.

Mama huyu alivunja kiwanda changu cha bia kwa sentensi mbili. Yule kijana, aliniandikia, alikufa vitani mwaka 1942, na jina lake limo katika orodha za wanajeshi waliofariki. "Sasa tuanze na unachokijua kwa hakika, si unachokitaka," akasema. Nimeiandika kauli hiyo kwenye daftari langu la kazi.

Tulichokijua kwa hakika ni kwamba mtu wetu alifika Tanganyika kabla ya 1952 na kuondoka mwaka 1953. Wakati ule wengi hawakwenda kwa ndege kama tuendavyo sasa, walikwenda kwa meli, na orodha za abiria waliotoka na kuingia bandari za Uingereza hadi mwaka 1960 zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa huko Kew, London. Kila abiria aliandikwa jina, umri, kazi, anwani ya mwisho na nchi anayokwenda kuishi. Yeye na mwenzake, mzee mstaafu wa shirika la reli, walipitia orodha hizo jioni baada ya jioni. Wakampata: mwaka 1948, umri miaka 28, fundi mitambo, anashukia Tanga. Herufi mbili zile zile za mwanzo. Na anwani ya nyumba katika mji mdogo wa Lincolnshire.

Anwani ndiyo iliyofungua kila kitu. Tarehe 29 Septemba 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza iliandikisha raia wote nyumba kwa nyumba ili kugawa vitambulisho. Kwenye nyumba ile alikuwemo kijana wa miaka 19, mwanagenzi wa ufundi, pamoja na baba yake na mke wa baba yake. Mama mkunga akarudi nyuma kwenye sensa ya Juni 1921, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya kufungwa miaka 100. Familia ile ile, mtoto wa mwaka mmoja. Lakini mwanamke wa nyumba alikuwa na jina lingine na umri mwingine.

"Huyu wa 1921 si yule wa 1939," aliniandikia. "Mama wa mtoto amekwenda wapi?"

Kwa kawaida ungeangalia sensa ya katikati, ya 1931. Haipo. Iliteketea yote kwa moto mwaka 1942, na sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Miaka 18 ya shimo, na ndani ya shimo mwanamke mmoja. Wakaanza kutafuta kifo. Walipata wanawake watatu wa jina lile katika wilaya ile. Umri wa mmoja tu ndio ulioafiki, naye alikufa mwaka 1924. Nakala ya cheti cha kifo huko hununuliwa, pauni 12 na nusu. Mama mkunga alilipa yeye. Nilipotaka kumrudishia alikataa, akaomba nimtumie picha ya shamba la mkonge, kwa sababu maisha yake yote ameuona kama kamba, na kama ubao wa kurushia vishale kwenye baa ya mtaani kwao.

Cheti kilifika kwake Jumanne. Hakunitumia moja kwa moja. Alinipigia simu, mara ya kwanza kusikia sauti yake, na akauliza kama nimekaa.

Mwanamke yule alikufa akiwa na miaka 29, siku 16 baada ya kujifungua mtoto wa pili. Kwenye sehemu ya sababu ya kifo daktari wa mwaka 1924 aliandika maneno matatu ya Kilatini, phlegmasia alba dolens, na chini yake, bonge la damu kwenye mapafu.

Maneno yale, mkunga alinieleza, maana yake ni uvimbe mweupe wenye maumivu. Wakunga wa zamani waliomfundisha kazi waliuita kwa kifupi mguu mweupe. Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kwamba maziwa ya mzazi yamekosea njia yakashukia mguuni. Wazazi walilazwa kitandani wiki mbili wasikanyage chini, jambo ambalo, tunajua sasa, liliifanya damu itulie na kuganda zaidi. Nikamweleza habari za arobaini yetu, na za kukanda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Walimkanda mguu wenyewe?" Swali la mkunga. Mguu wenye bonge ukikandwa, bonge linaweza kung'oka na kukimbilia mapafuni. Bibi alikandwa siku mbili kabla hawajamgeukia mganga. Sijui nani alimlinda.

Nilikata simu nikakaa gizani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na sikuona haja ya kuwasha taa ya simu.

Sitaki kupotosha. Cheti cha 1924 hakithibitishi hitilafu ya damu. Wanawake wa enzi zile walikufa kwa uzazi kwa sababu nyingi, na kulazwa wiki mbili peke yake kungetosha. Lakini wanawake watatu wa damu moja, mguu ule ule, siku ya tisa, siku ya 12, siku ya 16: daktari wa dada aliposoma muhtasari wangu aliuandika wote kwenye faili, na akasema hata kabla ya kipimo cha vinasaba atamhesabu dada kuwa wa hatari kubwa. Akibeba mimba tena, atachomwa sindano za kuzuia damu kuganda, na wiki sita baada ya kujifungua pia. Mimi nilikwenda kliniki kubadilisha njia yangu ya uzazi wa mpango wiki ile ile.

Mama mkunga alikuwa amefika na kwa fundi mwenyewe. Alirudi mwaka 1953, akaoa, akafariki mwaka 1979 kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na watoto wengine. Hapo alisimama. Wana kanuni, alisema: habari za walio hai hazitolewi, mpaka wao wenyewe waulizwe. Angeweza kuwaandikia, kama bibi atataka.

Kuna njia nyingine ya haraka, ya mate kwenye kichupa. Huko Nanyuki, Kenya, mawakili na wataalamu wa vinasaba kutoka Uingereza wamewapima watu waliozaa na kuzaliwa na askari wa Kiingereza, wakalinganisha na ndugu walioko kwenye hifadhi za vipimo, na wakawapata baba kadhaa. Nilimweleza bibi. Alinitazama kama niliyerukwa na akili.

"Mate yangu yaende Ulaya?" akasema. "Na mimi nimekulia Handeni?"

Kuhusu ndugu zake wa huko alijibu taratibu zaidi. Aliuliza kama wanajua kwamba yupo. Nikasema hakuna karatasi yoyote inayomtaja, bibi, tumeangalia zote. Akakunja barua ya sifa, akairudisha kwenye bahasha. "Basi waache walale," akasema. Nimemuuliza mara mbili tangu siku hiyo, jibu ni lile lile. Mama mkunga hakuwaandikia.

Ilinisumbua hilo la karatasi. Katika wiki sita wageni wawili walinipa ukoo wa fundi mpaka kwa mzee mmoja mfugaji wa kondoo aliyebatizwa miaka ya 1760. Na msichana aliyefua nguo zake? Nilikwenda Handeni Jumamosi moja kumtafuta.

Chanika, nyuma ya stendi, anaishi mwalimu mstaafu ambaye watu humwendea wakati wa kugombea mashamba na wakati wa posa, kuuliza kama vijana si ndugu. Ana kaunta buku tatu, lakini hakufungua hata moja. Aliniuliza mama yake bibi alizaliwa upande gani na mjomba wake alikuwa nani. Nikamtajia mjomba. Akafumba macho, akanipa wanawake sita, mmoja nyuma ya mwingine, na kijiji cha kila mmoja.

"Wazungu wanahesabu kwa baba," akasema. "Sisi Wazigua zamani tulihesabu kwa mama, kama Waluguru, kama Wakaguru. Bibi yako hajapungukiwa kitu. Huyo fundi angekuwa Mzungu, angekuwa Mmanga, mtoto ni wa ukoo wa mama yake." Ndiyo maana, alisema, walipokuja watu kutaka kumpeleka mtoto kwa masista wa Kifungilo, kule Lushoto, ambako watoto wengi wa aina yake walilelewa, mjomba alikataa. Maria Nhambu, aliyekulia Kifungilo, ameandika katika kitabu chake Africa's Child jinsi ilivyo kukua hujui mama wala baba. Bibi aliponea hapo.

Kisha mwalimu akaniambia kuhusu Chogo, nami nikaona aibu, kwa sababu niliwahi kwenda Chogo kikazi kuandika habari za chanjo na sikuuliza. Wapo pale Wazigua ambao mababu zao, katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwatoa huku pwani vikawapeleka kusini mwa Somalia. Walikimbilia kando ya Mto Juba, wakajenga vijiji, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza. Wengine walihamishiwa Marekani, wengine wakaja Tanzania, wakapewa ardhi Chogo, wilayani hapa hapa Handeni, na wengi wakapata uraia. "Walikuja na lugha," mwalimu alisema. "Hawakuwa na cheti hata kimoja."

Nikiwa naaga, akaniuliza kama nimeshapita kwa bibi yangu mwingine. Sikujibu.

Nilirudi naye mwezi uliofuata. Sikumlazimisha. Nilimsomea cheti kile kwa Kiswahili, sentensi moja moja, sebuleni Manundu, dada akiwa amekaa na mtoto. Bibi aliniambia nirudie palipoandikwa siku 16. Kisha akauliza yule marehemu wa Ulaya alikandwa na nani.

"Hakukandwa, bibi. Alilazwa tu."

"Na wifi yake alifukuzwa?"

Siku mbili baadaye alinipigia simu alfajiri. Yeye huniita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu," akasema, "nauli ya Handeni siku hizi ni shilingi ngapi?"

Bibi wa Handeni sasa haoni vizuri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani akichambua choroko kwa vidole. Tulipiga hodi. Bibi yangu alipiga yeye, mara tatu, kwa sauti, kama mtu anayetaka mtaa mzima usikie amebisha. Nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba na swali la mimi ni wa nani. Bibi akajibu, "Ni mjukuu wako. Na mimi ni wifi yako."

Choroko zilinyamaza.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima. Nikaanza, vinasaba, mishipa, Lincolnshire. Nilifika kama nusu, kwenye yule mwanamke wa 1924 na kwamba huenda ugonjwa umepita kwa baba yake bibi, ndipo Bibi wa Handeni akainua mkono kunikatiza.

"Mimi nilisema," akasema. "Siku ile ile nilisema. Nikasema mguu huu si wa kwetu, huu ni wa kwao, ni ile damu ya Kizungu. Wakasema nakutukana."

"Ulikuwa unanitukana," bibi akasema.

"Nilikuwa nakutukana," akakubali. "Lakini nilisema kweli."

Bibi yangu aliangalia mbali kwa muda. Kisha akajishusha taratibu mkekani, mguu ule mzito kwanza, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua choroko. Mimi nilitumwa dukani kununua sukari.